Safu ya Sheria na Biashara: Picha na Nambari ya Mteja Si Mali ya Duka

Barua nyingi tulizopokea majuzi zinahusu jambo moja: namna Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inavyowabana wafanyabiashara wadogo wanaotangaza bidhaa na huduma zao kwa simu. Tumechagua nne.

*Mshauri, nina saluni ndogo mjini Nakuru. Kila ninapomaliza kumsuka mteja humpiga picha na kuiweka kwenye kurasa zetu za Facebook na TikTok, na njia hiyo huniletea wateja kuliko bango nililolilipia barabarani. Mwezi uliopita mteja mmoja alinipigia simu kwa hasira akitaka picha yake iondolewe, na akasema atanishtaki kwa Kamishna wa Data. Siku hiyo alitabasamu na hakukataa kupigwa picha. Je, ana haki? (Mwenye saluni, Nakuru)*

Ana haki, bibi, na ningekushauri uiondoe picha hiyo kabla hujaendelea kusoma. Kwa mujibu wa sheria hii, data binafsi ni taarifa yoyote inayoweza kumtambulisha mtu, na uso humtambulisha mtu pengine kuliko jina lake. Kifungu cha 37 kinakataza kuitumia data hiyo kwa madhumuni ya kibiashara isipokuwa mhusika ametoa ridhaa ya wazi, au sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu matumizi hayo na mhusika akafahamishwa wakati data yake ilipochukuliwa. Tabasamu halitoshi kuwa ridhaa ya wazi. Mteja anaweza kutabasamu kwa sababu nywele zimempendeza, au kwa sababu anadhani unampiga picha ili umwonyeshe kisogo chake, au kwa kuwa ameona haya kukataa mbele ya wasusi na wateja wengine. Shauri likifika kwa Kamishna, mzigo wa kuthibitisha kwamba aliridhia utakuwa wako.

Wengi hudhani kwamba sheria hii ilitungiwa mabenki na kampuni za simu. Mnamo Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitangaza faini dhidi ya wahusika watatu, na mmoja wao alikuwa Casa Vera Lounge ya jijini Nairobi, iliyotozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja wake mtandaoni bila ridhaa yake. Kisa hicho hakikuhusu rekodi za hospitali wala siri za benki, bali picha ya mtu aliyekwenda kustarehe. Saluni yako iko karibu zaidi na kisa hicho kuliko na kisa cha benki yoyote.

Nisikutishe kupita kiasi, kwa maana sheria yenyewe imeweka kipimo: faini ya juu kabisa ni shilingi milioni 5 au, kwa biashara, asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, na kinachofuatwa ni kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Kwa saluni ndogo asilimia 1 si fedha ya kufunga duka. Jambo ambalo wafanyabiashara husahau ni kwamba kifungu cha 65 kinampa mlalamikaji njia ya kudai fidia, ambayo ni tofauti na faini, na madhara yanayofidiwa si hasara ya fedha peke yake bali hata fadhaa aliyoipata.

Sasa utatangazaje? Weka daftari au karatasi zilizochapishwa karibu na mahali pa kulipia, zenye maneno mepesi kama haya: «Ninakubali picha ya nywele zangu iliyopigwa leo iwekwe kwenye kurasa za Facebook na TikTok za saluni hii. Ninaweza kuiondoa ridhaa hii wakati wowote kwa kupiga nambari ifuatayo.» Chini yake weka visanduku viwili, kimoja cha picha inayoonyesha uso na kingine cha picha ya kisogo peke yake, kisha tarehe na sahihi. Utashangaa ni wangapi watakaoweka alama kwenye kisanduku cha pili. Picha ya mistari ya nywele iliyopigwa kutoka nyuma, isiyo na jina, sauti, wala chale ya shingoni inayojulikana na mtaa mzima, haimtambulishi mtu kwa urahisi, na bado inaonyesha kazi ya mikono yako. Usimfanye mteja atie sahihi kabla ya kusukwa, wala usimtoze zaidi anayekataa, kwa kuwa katika kupima kama ridhaa ilitolewa kwa hiari, huangaliwa pia iwapo huduma ilifungamanishwa nayo. Ilani iliyobandikwa ukutani kwamba «wateja hupigwa picha» haiwezi kuchukua nafasi ya karatasi hiyo.

Aliyeridhia anaweza kubadili mawazo, na hapo kanuni za mwaka 2021, zilizotungwa chini ya sheria hii, zinakutaka ujibu ombi la kufuta data ndani ya siku 14. Picha uliyoiweka kihalali alipokuwa ameridhia haigeuki kuwa kosa la zamani, ila huwezi kuendelea kuitumia. Kumbuka pia nakala iliyobaki kwenye simu ya msusi wako, ambaye huenda ameiweka kwenye stetasi yake ya WhatsApp.

*Mshauri, nauza nguo Eldoret. Wateja wangu hulipa kwa M-Pesa, nami huandika nambari zao daftarini. Kijana mmoja aliniuzia orodha ya nambari nyingine nyingi za watu wa mji huu. Natumia kampuni ya kutuma arafa kwa wingi kutangaza punguzo la bei. Mtu mmoja alinijibu, «Nambari yangu mmeitoa wapi?» Nimjibuje? (Mfanyabiashara, Eldoret)*

Mjibu ukweli, kisha umwondoe. Hapa kuna makundi mawili ya nambari, na kila moja lina hukumu yake.

Wateja waliolipa kwa M-Pesa walitoa nambari ili malipo yapite. Msingi mmojawapo wa sheria hii, ulio katika kifungu cha 25, ni kwamba data iliyokusanywa kwa lengo moja isitumike kwa lengo jingine lisilopatana nalo, na kulipia suruali si kuomba kutumiwa matangazo kila Ijumaa jioni. Kanuni za mwaka 2021 zinaruhusu matangazo ya moja kwa moja, yaani yale anayotumiwa mtu binafsi kama hizo arafa zako, iwapo data ulipewa na mhusika mwenyewe, akaambiwa kwamba itatumika kumtangazia, akaridhia, ukamwekea njia nyepesi ya kujitoa, naye hajajitoa. Masharti hayo yote hutakiwa kwa pamoja. Kwa hiyo muulize mteja palepale anapolipa: «Ungependa tukutumie arafa tunapopokea mzigo mpya?» Akikubali, andika jina, nambari, tarehe, na njia aliyokubali kutumiwa.

Orodha uliyouziwa haina dawa. Wenye nambari hizo hawakukupa wewe, hawakujua kwamba zitauzwa, na huwezi kuwaandikia ili kuwaomba ridhaa bila kuzitumia nambari zilezile unazoziombea ruhusa. Ifute. Katika faini zile za Septemba 2023, Mulla Pride, kampuni ya mikopo ya kidijitali, ilitozwa shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari ilizozipata kwa watu wengine ili kuwatumia watu arafa na kuwapigia simu za vitisho. Najua wewe humtishi mtu, unauza nguo tu, lakini swali la kwanza litakuwa lilelile uliloulizwa na mteja wako: nambari mmeitoa wapi?

Arafa yenyewe nayo ina umbo linalotakiwa. Maelezo ya kujitoa yawe wazi na yaeleweke, yasimpotezee mtu muda, na yasimgharimu chochote au yamgharimu kidogo sana. «Mzigo mpya wa makoti umefika. Kama hutaki arafa zetu, jibu TOKA bila malipo» inatosha, mradi kampuni inayokutumia arafa iwe imeuandaa mfumo wake ulipokee neno hilo kweli. Jaribu kwa simu yako mwenyewe kwanza, maana nimepokea matangazo yanayonitaka nijitoe kwa nambari isiyopokea majibu. Anayekataa matangazo hahitaji kukupa sababu, na hakuna hoja ya biashara inayoweza kulishinda pingamizi lake. Usijifiche pia nyuma ya kampuni ya arafa: hiyo inachakata data kwa niaba yako, na wewe uliyeamua nani atumiwe nini ndiye mdhibiti, yaani mwenye kujibu mbele ya sheria.

*Sisi ni shule ya chekechea Kitale. Fomu yetu ya kujiunga ina sentensi inayosema kwamba mzazi anakubali «taratibu zote za shule». Tunaweza kutumia picha za watoto wakihitimu kwenye matangazo ya muhula ujao? (Mkurugenzi, Kitale)*

Hapana, si kwa sentensi hiyo. Ridhaa inayotambuliwa na sheria ni ile inayolenga jambo mahususi lililoelezwa, na mzazi aliyekubali taratibu za shule hakuambiwa lolote kuhusu tangazo. Kwa mtoto, kifungu cha 33 kinataka ridhaa ya mzazi au mlezi, tena matumizi yenyewe yawe yanalinda haki na maslahi ya mtoto. Faini kubwa kuliko zote tatu nilizozitaja, shilingi 4,550,000, iliangukia shule: Roma School ya Uthiru, iliyochapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Tuma fomu ya pekee yenye picha inayokusudiwa na mahali itakapochapishwa. Asiyerudisha fomu amekataa, na mtoto wake asiwemo pichani hata kama amesimama katikati ya safu.

*Shikamoo mshauri. Nina nyumba ya wageni yenye vyumba sita huku Malindi, na wafanyakazi wanne. Mapato yangu hayafiki milioni 5 kwa mwaka. Rafiki yangu anasema biashara ndogo hazisajiliwi kwa Kamishna. (Mwenye nyumba ya wageni, Malindi)*

Marahaba. Rafiki yako amesema nusu. Biashara yenye mapato yasiyofikia shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika kumi imesamehewa usajili, lakini kanuni zimeorodhesha shughuli ambazo hazipati msamaha huo hata zikiwa ndogo namna gani, zikiwemo huduma za afya, shule, usafirishaji, usimamizi wa majumba, biashara ambazo kazi yake kuu ni matangazo ya moja kwa moja, na malazi ya wageni. Wewe unachukua majina, nambari za pasipoti na za simu za watu wanaolala kwako, kwa hiyo umo. Usajili hufanywa kwenye tovuti ya Ofisi ya Kamishna. Ada kwa biashara ya kiwango chako ni shilingi 4,000, cheti hudumu miezi 24, na kukihuisha ni shilingi 2,000. Mwenzako wa Nakuru, akiwa chini ya viwango hivyo viwili, hatalazimika kujisajili, ila karatasi ya ridhaa atakuwa nayo vilevile.