Uliza neno lenyewe: kwa walioanza zamu mwezi huu

Mafunzo ya kupokea simu za watu walio kwenye shida mmemaliza, fomu ya kutunza siri mmetia sahihi, simu za kuigiza mmezipita. Hata hivyo, sisi tunaoketi pembeni na hedifoni ya pili tunasikia makosa yaleyale ya kundi lililopita, na la kabla yake. Tunawapenda, na subira imetuishia, kwa hiyo tutasema bila kuzunguka.

1. Namba kwanza, hadithi baadaye. Si kila laini ni ya bure kama zile za Kenya, 116 ya watoto au 1195 ya ukatili wa kijinsia. Kwenye laini ya kulipia, salio huisha palepale mtu anapofika kwenye jambo lenyewe. Sema mapema: "Simu ikikatika, nikupigie kwa namba hii? Kuna mwingine anayeishika?" Swali la pili ndilo mnalolisahau. Simu nyingi ni za nyumba nzima. Ukimpigia mke aliyejificha jikoni akapokea mume, umemwongezea kipigo. Kama hakukubali, usipige, wala usitume ujumbe wa "ulitupigia".

2. Uliza neno lenyewe. Hapa ndipo tunapoumia tukiwasikiliza. Mpigaji anasema amechoka. Anasema watoto ameshawapeleka kwa dada yake, madeni amemaliza, hatamsumbua mtu tena. Mpokeaji mgeni anasikia, na tunajua amesikia, maana sauti yake inabadilika. Kisha anauliza: "Lakini hufikirii kujidhuru, sivyo?"

Tazameni swali hilo. Kwanza ni la kukanusha. Ukimuuliza Mswahili "hufikirii?" akajibu "ndiyo", anaweza kuwa amesema "ndiyo, sifikirii". Aliyezoea Kiingereza atasema "hapana" kwa maana hiyohiyo, na mwingine atasema "ndiyo" akimaanisha kwamba anafikiria. Fomu ya simu ina visanduku viwili tu, na wewe unatia alama bila kujua umeambiwa nini.

Halafu neno lenyewe. Wengi wanaojidhuru hawataki kufa. Wanatafuta nafuu ya dakika chache. Aliyeamua kufa, akiulizwa kama anataka kujidhuru, hujibu hapana na hajasema uongo, kwa sababu hukumuuliza analolifikiria. Kuuliza kama anafikiria "kufanya jambo baya" ni kubaya zaidi: umeshamhukumu, na hukumu imetangulia swali.

Na hilo "sivyo" la mwishoni ni ombi. Unamwomba akutulize wewe. Mtu aliyelelewa kwetu, aliyefundishwa asimtwike mgeni mzigo wake, atakutuliza kweli. Atasema, "Hapana dada, niko sawa, asante sana," na atakata simu.

Kosa hili tumelifanya wote tuliokaa kwenye meza hizi, wengine kwa muda mrefu baada ya kuelezwa. Tulijiambia kwamba kulitaja neno ni kumtia mtu wazo. Utafiti umeliangalia jambo hilo tena na tena, na haukukuta kwamba kuuliza waziwazi kunaleta wazo la kujiua. Wengi hupata nafuu kwa kuwa hatimaye kuna mtu aliyethubutu. Hofu yetu ya kweli ilikuwa nyingine: akisema ndiyo, nitafanya nini? Kwa hiyo tuliuliza ili tujibiwe hapana. Kila fomu yenye "hapana" iliyopatikana kwa swali la namna hiyo haisemi chochote kuhusu usiku ule, na hatuna namna ya kurudi kuuliza upya. Ndiyo maana tunawakazania.

Rudisha maneno yake mwenyewe, kisha uliza: "Umesema umechoka, na watoto umewapeleka kwa dada yako. Unafikiria kujiua?" Nyamaza. Hesabu hadi kumi kimoyomoyo. Usiongeze "au labda", usifunike swali kwa pole.

Akisema ndiyo, usimjibu "usiseme hivyo", maana ndiyo kwanza amesema. "Mwachie Mungu" nayo iache. Akimtaja Mungu yeye, mfuate, usimtangulie. "Asante kwa kuniambia. Nipo hapa." Inua mkono msimamizi wa zamu akuone sasa, si baadaye. Kisha endelea polepole: amefikiria njia gani, kitu hicho kiko karibu, amepanga lini, amewahi kujaribu, yuko na nani saa hii. Mpango wa usalama, ule mnaoupanga pamoja na mpigaji, una hatua sita, na kuweka mazingira salama, yaani kumweka mbali na kitu hicho, imeandikwa ya sita. Kitu kikiwa ndani ya nyumba, anza na hiyo: nani anaweza kukichukua na kukaa nacho sasa hivi, wewe ukiwa bado kwenye simu? Wimbi kali mara nyingi ni la muda mfupi, na umbali humpa nafasi ya kulipita.

Ataogopa polisi. Kwa mpigaji wa Kenya, Mahakama Kuu ilitangaza Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, ni kinyume cha Katiba. Mpigaji aliye Tanzania usimpe jibu hilo; yuko chini ya sheria nyingine.

3. Aliyebakwa ana saa 72 za kuanza dawa za kuzuia VVU, na kila saa inayopita inapunguza kinga. Humezwa siku 28. Za kuzuia mimba, hadi saa 120. Hospitali kwanza, fomu ya P3 ya polisi baadaye. Ikiwezekana asioge. Nguo azifunge kwenye karatasi au bahasha ya kaki, si plastiki, kwa kuwa unyevu huharibu ushahidi. Ameshaoga na kufua? Aende hivyohivyo, na asisikie hata pumzi ya lawama kwako.

4. Simu ya kimya usiikate. "Nipo, huna haraka." Rudia kila baada ya nusu dakika. Ukisikia pumzi: "Kama huwezi kuongea, gonga simu mara moja kwa ndiyo, mara mbili kwa hapana." Na wale watoto wa likizo wanaoagiza chipsi kuku huku wenzao wakicheka nyuma, jamani, msiwagombeze. Mwambie chipsi hatuna leo, lakini kusikiliza tunasikiliza. Wanapima mtu mzima akichokozwa hufanya nini. Mmoja wa waliokuwa wakicheka anaweza kurudi jioni, peke yake, kwa sauti ya chini, akiuliza kama ni wewe.

5. Namba yako binafsi usimpe mtu. Baada ya simu nzito, dakika kumi nje ya chumba, kisha msimamizi, kisha ndipo nyumbani.

6. Kwenye kitabu cha zamu andika maneno ya mpigaji, si maoni yako. Utulivu wa ghafla baada ya majuma ya kilio unaweza kuwa uamuzi uliokwisha kufanywa. Zamu ya asubuhi ikisoma "mpigaji alikuwa mtulivu", itageuza ukurasa. Ikisoma "alisema madeni amemaliza, akacheka, akauliza tunafunga saa ngapi, amekubali kupigiwa", itampigia kabla ya chai.