Nati ya sampu ikiteleza mara ya kwanza, acha hapohapo

Vijana mnaoanza gereji leo naongea na nyie, hasa wale mnaotupiwa kazi ya kumwaga oili siku ya kwanza kwa sababu kila mtu anaona ni kazi ya mtoto. Kweli ni rahisi, ila siku nati ya kumwagia, ile iliyo kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), ikigoma utajuta kuamka, maana gari ishainuliwa, mwenye gari kakaa kwenye benchi kila dakika tano anauliza bado tu, na we uko chini ya injini huna hata pa kujificha.

Mwaka wangu wa kwanza nilipewa Noah, zile za zamani zenye injini ya 3S. Nati yake inataka spana 14 kama Toyota nyingi tu. Sasa spana ya ringi ya 14 ilikua kwa mwenzangu upande wa pili, nikaona kumsubiri ni kujichelewesha, nikaokota spana ya mdomo wazi kwenye boksi la vifaa nikavuta. Ikateleza. Nikairudisha nikavuta tena kwa hasira, ikateleza tena, ya tatu kichwa kikawa duara kama kifungo cha shati. Kuja kuiangalia vizuri ile spana kumbe wala sio 14, ni 9/16, hizi za inchi zinazochanganyika na za milimita, na 9/16 ni kama milimita 14.3 kwaiyo inaingia vizuri kabisa kwenye kichwa cha 14, inakudanganya mpaka unapoweka nguvu.

Fundi mkuu akaja akachungulia, akaniuliza umeivuta mara ngapi. Nikasema mara moja. Akacheka, akasema toka.

Ndo hapo penyewe ninapotaka mnielewe. Ikiteleza mara ya kwanza kona bado zipo, umezikwaruza tu, una njia kama tano za kuitoa. Ya pili zimebaki mbili. Ya tatu unatafuta mtu wa welding. Kwaiyo ukisikia ile "tak" ya spana kuruka, mkono chini, toka nje kunywa maji, afu urudi na akili nyingine.

Ukirudi anza kwa kusafisha. Waya brashi, kitambaa, petroli kidogo, toa tope na grisi yote kwenye kichwa maana uchafu unafanya soketi isikae mpaka mwisho, inashika nchani tu. Hakikisha pia ndo nati yenyewe, msicheke, Subaru imeshawaaibisha mafundi wazima, mtu anamwaga haidroliki ya gia akijua ni oili ya injini, afu anajaza oili juu ya oili na gia boksi imebaki kavu. Halafu jiulize unaivuta upande gani, ukilala chali akili inageuka. Kanuni ni kwamba macho yako yawe yanatazamana na kichwa cha nati, kufungua ni kinyume na saa, haijalishi umelala vipi. Nimeshaona kijana ananing'inia kwenye spana kumbe anakaza, na pengine aliyekuja kabla yake alifanya vilevile.

Kama injini ni ya baridi iwashe dakika tano hivi ipate uvuguvugu. Sampu ya aluminiamu inapanuka kuliko nati ya chuma kwaiyo inalegea kidogo. Uvuguvugu nimesema, usije ukaiacha ichemke, oili ya moto ikikumwagikia mkononi ngozi inatoka kama ya ndizi. Na gari iwe kwenye stendi au kwenye shimo, jeki peke yake hapana, hasa kwa sababu hapa utavuta kwa nguvu na gari itatikisika.

Sasa soketi. Ya kona 6, sio ya kona 12, maana ya kona 6 inabana ubapa wa nati, ile ya 12 inagusa kona tu na kona ndo zishakua mgonjwa. Isukume juu kwa mkono mmoja isilale upande, afu jaribu kukaza kidogo sana kwanza, kama robo ya nguvu, ndo ufungue. Yani unaishtua. Na vuta kwa mkupuo mmoja mfupi, usivute polepole huku unaongeza nguvu maana hapo ndo inapopata muda wa kuteleza.

Ikikataa ndo unafanya alichofanya yule fundi mkuu kwenye Noah yangu. Alichukua soketi chakavu ya 13, akaipigilia kwa nyundo juu ya kichwa cha 14 kilichokua duara mpaka ikang'ata, akavuta mara moja ikatoka. Soketi iwe chakavu kweli kwa sababu baadae utaitoa nati humo ndani kwa kuigonga na saa nyingine haitoki. Ila kama sampu ni ya aluminiamu nyundo taratibu, ikipasuka umeongeza deni. Vaisgripu, ile pleya ya kujifunga, nayo inasaidia kama kichwa kimetokeza, ibane mpaka ikatae kufunga ndo uifunge. Ikishindikana tindo, unaiweka pembeni kwenye ukingo wa nati kwa kulalia upande wa kufungulia na unagonga kidogokidogo, inaonekana ya kishamba ila imeniokoa zaidi ya vifaa vya bei.

Kuchomelea nati nyingine juu yake kunafanya kazi pia, moto wenyewe unalegeza. Mi siifanyi sampu ikiwa na oili. Navuta oili kwa pampu kupitia bomba la stiki ya kupimia, nashusha sampu, naisafisha, ndo fundi wa welding anaigusa nje ya gari. Anayekwambia aah weka tu moto mara moja, mwache aende yeye chini.

Kuna ugonjwa mwingine, nati inazunguka inazunguka haitoki. Hapo kichwa kizima, thredi za ndani ndo zimeliwa. Ingiza bisibisi bapa kati ya nati na sampu, sukuma kuivuta nje huku mwenzako anazungusha, zile thredi chache zilizobaki zitaishika. Ikitoka usirudishe ileile na tepu ya bomba au kipande cha mpira wa tyubu, naona sana hii, gari inaondoka kavu na barabarani inadondosha oili yote. Rekebisha: Toyota nyingi ni M12 kwa 1.25 (unene milimita 12, thredi kila milimita 1.25), unaweza kupitisha tapu, kile chuma cha kukatia thredi, na kuweka helikoili, yani thredi mpya ya waya, tapu uipake grisi ili chembe za chuma zigande hapo zisiingie ndani, ukimaliza mwaga oili kidogo isafishe njia. Au nunua sampu nyingine, pale Gerezani, Dar, hazikosekani.

Na ukishafungua, kwa nini iligoma? Mara nyingi ni aliyekaza kabla yako, aliweka paipu kwenye spana eti isivuje. Kwenye injini nyingi ndogo za petroli za Toyota kipimo cha kukazia ni karibu 37 mpaka 40 Nm (niutoni mita), ni kidogo kuliko unavyodhani, kwa spana ya kawaida ya 14 ni mkono mmoja bila kuegemea mwili. Kinachozuia oili ni washa, kile kiduara chembamba chini ya kichwa cha nati, sio misuli. Kwaiyo washa mpya kila ukimwaga, toa ile ya zamani iliyogandia kwenye sampu maana washa mbili zikipandana zinavuja, na nati anza kuiingiza kwa vidole mpaka mwisho, ikikwama katikati itoe uanze upya.

Ukishajaza oili mpya, iwashe injini dakika mbili tatu, zima, futa pakavu, mulika na tochi. Ukiona tone, spana iache kwanza, toa washa uiangalie.