Tuko Muscat, nyumba iko Kibada: nani awaonyeshe wanunuzi?

SWALI: Assalaam alaykum dada. Mimi na mume wangu tunafanya kazi Muscat. Nyumba yetu iko Kibada, Kigamboni: vyumba vitatu, sebule, jiko la ndani, kisima, na chumba cha uani anachokaa shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, bila kodi. Tumeamua kuiuza. Tulimwambia dalali mmoja tu, sasa wamekuwa wengi na wengine hatuwajui. Shemeji anasema watu wanakuja kila siku, hata usiku, lakini hakuna anayerudi mara ya pili. Juzi rafiki yangu kaikuta nyumba yetu Instagram, bei imezidi ya kwetu kwa milioni kumi na tano. Dalali naye anataka tumwachie ufunguo, eti asimsumbue shemeji. Likizo hatuna mpaka mwakani. Tufanyeje nyumba ionekane na sisi hatupo? Na ufunguo ashike nani?
Mama wawili, Muscat

JIBU: Waalaikum salaam dada yangu. Ufunguo usimpe dalali. Hilo tulimalize kwanza, maana najua jibu lake linasubiriwa. Sisemi kwamba madalali ni wezi. Nimefanya nao kazi miaka mingi nikisimamia nyumba za watu walioko nje, na wapo ambao ningewaachia hata watoto wangu. Shida ni kwamba dalali hafanyi kazi peke yake. Akipata mteja Mbagala wakati yeye yuko Mbezi, atamtuma mwenzake, na mwenzake atamtuma kijana wake. Fundi wa funguo hakosekani karibu na stendi. Baada ya mwezi nyumba yako ina funguo ambazo wewe huna hesabu yake, na siku pampu ya kisima ikitoweka hutajua wa kumuuliza.

Ila kwenye barua yako kilichonishtua zaidi si ufunguo. Ni hili: watu wanakuja kila siku na hakuna anayerudi. Bei ikiwa kubwa mno, watu hawaji kabisa, au wanapiga simu kuomba punguzo. Wanapokuja kwa wingi na wote wakapotea, ujue kuna kitu wanakiona mle ndani, au kuna kitu wanaambiwa.

Sasa jiulize, nyumba ikiuzwa, nani anapoteza? Shemeji yako anakaa bure. Siku mtakayopokea hela ya mnunuzi ndiyo siku yeye anatakiwa kubeba godoro. Simtuhumu, simjui, na huenda ni kijana mwema kuliko wote. Lakini mmemweka getini kuwakaribisha watu wanaokuja kumwondolea paa. Nilisimamia nyumba moja Tabata, kijana aliyekuwa anailinda hakuwahi kusema uongo hata siku moja. Alikuwa anamsubiri mteja amalize kuzunguka, anamsindikiza mpaka kwenye gari, halafu anainama dirishani na kumwambia kwa upole, "Ila bosi, masika hapa ni mtihani." Kweli barabara ile ilikuwa inajaa maji masika. Nyumba yenyewe ilikuwa imeinuliwa na maji hayajawahi kufika barazani. Mteja hakuwa na haja ya kuuliza zaidi, anawasha gari anaondoka.

Kwa hiyo kabla ya kupanga siku za kuonyesha nyumba, maliza jambo la shemeji. Na aongee mume wako, siyo wewe. Neno la kumhamisha shemeji likitoka kinywani mwa mke wa kaka, kesho limefika kwa mama mkwe likiwa na mikia. Kaka mtu amwambie waziwazi: nyumba inauzwa, na ikiuzwa tutakulipia kodi ya miezi sita utakakohamia, pamoja na kiasi fulani mkononi. Wakubaliane kiasi, kiandikwe hata kwenye ujumbe wa simu ili kila mtu awe nacho. Kuanzia hapo shemeji anakuwa na sababu ya kufagia uwanja kabla mteja hajafika. Katika kazi hii sijaona hela inayorudi haraka kuliko hiyo.

Hata hivyo asionyeshe yeye. Tafuta mtu wa tatu ambaye hakai hapo: wifi yako aliyeko mjini, jirani mstaafu mnayeaminiana, mama mliyesali naye. Mlipe kwa kila siku anayofungua nyumba, iwe imeuzwa au haijauzwa, ili asiwe na haja ya kumdanganya mtu. Shemeji abaki na ufunguo wa geti. Mtu wako ashike ufunguo wa mlango mkubwa na wa vyumba. Hakuna anayeweza kuingiza mgeni peke yake, na hakuna atakayejisikia ameshukiwa, maana kila mmoja ana kazi yake.

Siku iwe Jumamosi. Nyinyi Oman mapumziko yenu ni Ijumaa na Jumamosi, Dar watu wanapumzika Jumamosi na Jumapili, kwa hiyo Jumamosi ndiyo siku mnayokutana. Saa nne asubuhi mpaka saa tisa alasiri ya Dar, ambayo kwenu ni saa tano mpaka saa kumi, simu zenu ziwe hewani. Anayetoka mjini anavuka kwa pantoni pale Magogoni au anazunguka darajani Kurasini, na foleni haina adabu, basi usiwapange watu kwa dakika. Mpe kila mmoja saa yake nzima. Usiku hapana, kabisa. Mnunuzi wa kweli anataka kuona nyufa, anataka kuona jua linaingilia dirisha gani, anataka kuwaona majirani. Anayeng'ang'ania kuja saa mbili usiku anachungulia kitu kingine.

Na nyumba iandaliwe. Nyumba iliyofungwa pwani inaharibika upesi kuliko inayokaliwa: kutu kwenye nondo za madirisha, ukungu nyuma ya makabati, mchwa kwenye fremu, popo juu ya dari. Nitakueleza mteja anavyofanya, maana nimesimama nyuma yao mara nyingi. Akiingia tu ananusa. Halafu anakwenda jikoni, anafungua bomba. Bomba linakohoa, linatema maji ya rangi ya chai, yeye anarudi nyuma kuokoa viatu. Anabonyeza swichi, giza, kwa sababu LUKU iliisha zamani na hakuna aliyeona. Anafungua mlango wa choo cha wageni, anaufunga hapohapo, kwa kuwa choo kisichomwagiwa maji kwa wiki kadhaa kinakauka kule chini na harufu ya shimo inapanda. Hapo hata sebule yako ingekuwa na marumaru za namna gani, ameshakata tamaa, na atakuambia "nitakupigia."

Haya yote yanazuilika na wewe ukiwa hukohuko. Ijumaa nunua umeme kwa simu, mtumie shemeji zile tarakimu 20, aingize, akupigie picha ya mita. Awashe pampu, tangi lijae, mabomba yafunguliwe mpaka maji yawe meupe, vyoo vyote vimwagiwe. Madirisha yafunguliwe tangu asubuhi na mapazia yavutwe. Mtu wako afike saa moja kabla, azunguke na simu akirekodi chumba hadi chumba, dari na pembe zote, akutumie. Jioni arekodi tena baada ya kufunga. Video hizo mbili zitakuambia mengi kuliko simu ndefu za kuulizana "eh, ilikuwaje?"

Kuhusu bei ya Instagram: hiyo milioni kumi na tano ni cha juu. Dalali wa tatu au wa nne kaongeza ya kwake, na wapo wanunuzi wanaokimbia, kabla hata ya kuja, bei ambayo hukuiweka wewe. Dawa yake ni kuwa na dalali mmoja au wawili, mwandikishane barua fupi: nyumba ipi, bei ipi, udalali wake kiasi gani, na kwamba mteja atatajiwa bei na wewe au mume wako kwa simu akiwa amesimama hapohapo nyumbani. Dalali mwenye mteja wa kweli hatakataa. Barua isisitize pia kwamba mteja asitozwe hela ya kuonyeshwa nyumba. Anayepata elfu kumi kwa kila mtu anayemwingiza getini hana haraka ya kuona nyumba imeuzwa, na nadhani sehemu ya hao wanaokuja kila siku ni wa namna hiyo.

Mtu wako awe na daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na huku kwetu ndivyo ilivyo. Jina la mgeni, namba ya simu, kitambulisho alichoonyesha, ameletwa na dalali gani, siku gani. Safu ya dalali usiiache wazi. Nyumba ikiuzwa watajitokeza watatu kila mmoja anasema "yule ni mteja wangu," na daftari ndilo litakalowaamulia bila matusi.

Picha ya hati ya nyumba isitumwe kwa mtu yeyote kwenye simu, hata akikuita mama. Mteja aliyeiona nyumba na kuipenda apewe namba ya kiwanja, akafanye upekuzi ofisi ya ardhi, yaani kuhakiki mmiliki ni nani. Atakachokipata kule kina uzito kuliko picha, na picha ikishasambaa hujui nani anaitengenezea mfano wake. Ndiyo maana mitaani tunaona kuta zimeandikwa kwa rangi nyekundu "Nyumba hii haiuzwi, ogopa matapeli": wenyewe walisafiri, wajanja wakauza. Nyumba yako inauzwa kweli, kwa hiyo hatari ni kwamba akija tapeli akiizunguka na wateja, hakuna jirani atakayeshangaa. Mume wako amwandikie mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kumjulisha mjumbe: nyumba inauzwa, anayeonyesha ni fulani, madalali ni fulani na fulani, mwingine yeyote muulizeni. Maneno "inauzwa" ukutani usiandike. Yanawatangazia wapita njia kwamba wenyewe hawapo.

Mwisho, kuonyesha ni jambo moja na kuuza ni jingine, na watu walioko mbali wanayachanganya. Mtu wako wa ufunguo hahitaji hati yoyote ya kisheria, barua yenu inatosha, na barua hiyo iseme haruhusiwi kupokea hata shilingi ya "kushikilia nyumba." Siku ya kuuza, kama hamtarudi, ndipo mtahitaji hati ya kumpa mtu mamlaka ya kuuza, iliyothibitishwa ubalozini kwetu hapo Muscat na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati huku nyumbani. Bora mumpe mwanasheria kazi hiyo. Na wewe dada, kama hati iko kwa jina la mume wako peke yake na hiyo ndiyo nyumba yenu ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa yako. Mnunuzi mwenye akili ataiomba. Iandaeni mapema.

SWALI: Mimi ni mpangaji Sinza. Mwenye nyumba yuko Uingereza na anauza. Madalali wanagonga muda wowote, jana saa moja usiku wakati naogesha watoto, wakaanza kupiga picha vyumbani. Nina haki ya kukataa?
Mpangaji, Sinza

JIBU: Picha za vyumba vyenye vitu vyako na watoto wako, kataa, na usione aibu. Kwenye kuangalia nyumba, kuwa mwepesi kidogo, kwa sababu mali ni yake na anayo haki ya kuuza. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamlinda mpangaji anayelipa kodi akae kwa utulivu, na kugongewa usiku na mtu usiyemjua si utulivu. Mwandikie mwenye nyumba moja kwa moja, usipitie kwa dalali: mpe nafasi mbili kwa wiki zinazokufaa, taarifa ije siku moja kabla, na atakayekuja utumiwe jina lake. Akikubali, timiza upande wako, uwe nyumbani na milango iwe wazi. Mwombe pia amweleze mnunuzi kwa maandishi kwamba upo, mkataba wako unaisha lini na kodi uliyokwisha lipa ni ya mpaka mwezi gani. Hilo la mwisho ndilo litakalokusumbua baadaye kuliko picha.

SWALI: Natafuta nyumba ya kupanga Goba. Nimepata moja nzuri, ila dalali ananionyesha kwa nje tu, anasema mwenye nyumba kasafiri na ufunguo, nitume nusu ya kodi niwahi kabla ya wengine. Nitume?
Kijana wa Goba

JIBU: Usitume, mdogo wangu. Mwenye nyumba anayetaka mpangaji haondoki na ufunguo, anauacha kwa mtu. Mwambie dalali akupe namba ya huyo mtu. Kisha nenda bila yeye, mchana, ukawasalimie majirani wa pande zote mbili na uulize mjumbe wa pale ni nani. Mjumbe atajua nyumba ni ya nani na kama inapangishwa. Ukishafunguliwa, ukaingia, ukaona maji yanatoka na umeme unawaka, na mkataba umeandikwa kwa jina la mwenye nyumba au mtu aliyempa barua, hapo ndipo mzungumzie kodi.