Neno "kisa" kwenye vichwa vya habari za wanawake waliouawa

Mleta mada, umeuliza kama kweli namna habari inavyoandikwa inabadili mtazamo wa watu kuhusu ukatili wa kijinsia, au tunavisingizia vyombo vya habari mambo ambayo watu wanayo vichwani tayari. Ukauliza pia uanzie wapi na wanao, ambao kila habari wanaipata kwenye simu. Nimekaa dawati la uhariri miaka tisa nikitunga vichwa vya habari, kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyafanya kwa mkono wangu.

Usiku mmoja ilinifikia habari ya mwanamke aliyeuawa na mumewe. Mwandishi alikuwa na taarifa ya polisi tu, na ndani yake mtuhumiwa alidai aliona ujumbe wa mwanamume mwingine kwenye simu ya mkewe. Nikaandika: "Amuua mke kisa meseji." Maneno manne, yanaenea kwenye safu, yanavuta jicho. Nikaenda nyumbani kulala.

Kesho yake maoni yalikuwa mamia, na karibu yote yalihusu meseji. Iliandikwa nini, ilitoka kwa nani, wanawake wa siku hizi, simu zinavunja ndoa. Mchana dada wa marehemu akapiga simu chumba cha habari, nami ndiye niliyepokea. Hakufoka. Aliniuliza, "Kaka, hiyo meseji wewe uliiona?" Nikasema hapana. Akaniambia mdogo wake alikuwa amerudi kwao mara tatu akiwa na majeraha, na wiki mbili kabla ya kuuawa alimwambia mumewe kwamba safari hii harudi tena. "Mbona hilo hamkuliandika?" Hatukuliandika kwa sababu hakuna mtu wa kwao tuliyemuuliza.

Ndipo nilipoelewa kazi ya neno "kisa". Linachukua maelezo ya aliyeua, ambaye yuko hai na ana kila haja ya kujitetea, linayafanya kuwa chanzo cha kifo. Msomaji akishapewa sababu, anabaki kuipima: ilitosha au haikutosha? Hata anayesema "si angempa talaka tu" ameshakubali kwamba marehemu alikuwa na kosa la kujibu.

Ni kweli, kichwa kimoja hakimgeuzi mtu. George Gerbner, aliyeanza kuchunguza televisheni Marekani katika miaka ya 1960, alishikilia kwamba nguvu iko kwenye marudio: anayetazama sana huja kuiona dunia kama anavyooneshwa. Sasa fikiria mtu aliyesoma "wivu wa mapenzi" tangu utotoni, na kila mara jirani akinukuliwa kwamba mume alikuwa mpole. Atajuaje kwamba haya si mambo ya ghafla? Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa mwaka 2023 wanawake na wasichana wapatao 51,100 waliuawa na wenza wao au ndugu, yaani kama 140 kwa siku. Sisi tuliandika kila kifo kama tukio lililoacha watu midomo wazi.

Hispania walizoea kuviita vifo hivi uhalifu wa mapenzi. Desemba 1997 mwanamke aitwaye Ana Orantes alikaa mbele ya kamera za televisheni akaeleza kipigo cha miaka 40 ya ndoa. Siku 13 baadaye mume wake wa zamani alimchoma moto akiwa hai. Safari hii nchi nzima ilikuwa imeshamsikia mwenyewe akisema, na kifo chake kinatajwa miongoni mwa yaliyosukuma sheria ya mwaka 2004 dhidi ya ukatili huo.

Tamthilia nazo zina lao. Msichana amekataa, kijana anamfuata, anamvuta mkono, muziki laini unapigwa, mwishowe wanaoana. Hili linanitia hofu kuliko habari, maana kwenye habari mtu walau anajua ameona uovu.

Kuhusu wanao, usiwahutubie. Chukua kichwa cha habari mkiandike upya pamoja. Nilimpa binti wa kaka yangu, ana miaka 15, kichwa hiki: "Mwalimu adaiwa kufanya mapenzi na mwanafunzi wa miaka 13." Nikamwambia abadili neno lolote analoona halijakaa sawa. Alikata "kufanya mapenzi na", akaandika "kumbaka", akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Kwa nini wameandika kama vile walikubaliana?" Neno "adaiwa" nilimwomba aliache, kwani mahakama haijasema, na kuliita tendo kwa jina lake si kumhukumu mtu. Tangu siku hiyo ananitumia vichwa yeye mwenyewe, na huwa tunatafuta mambo mawili: maneno haya yametoka kinywani mwa nani, na nani hakuulizwa.

Na video za mtu akipigwa wasizisambaze, hata kwa nia ya kulaani. Yule mama kwenye video naye ana watoto wenye simu.

Kile kichwa changu nimekiandika upya mara nyingi. "Mume adaiwa kumuua mke aliyekuwa akimkimbia." Maneno sita, na yangeenea kwenye safu ile ile.