Kabla ya Kununua Mchezo wa Mezani, Mfikirie Atakayeshindwa

Juu ya kabati letu la nguo kuna boksi kubwa lenye picha ya mazimwi na watu wenye mapanga. Nililinunua mwaka wetu wa kwanza wa ndoa, baada ya kusoma sifa zake wiki nzima. Mume wangu alifungua kitabu cha sheria, akafika ukurasa wa sita, akanitazama kwa upole na kuniuliza kama hatuwezi tu kuangalia filamu. Boksi likapanda juu ya kabati. Tumehama nalo mara mbili, na baadhi ya vipande vyake mpaka leo havijatolewa kwenye nailoni.

Natanguliza aibu hii ili ujue ninachokushauri kimetoka wapi. Mimi si mtaalamu. Nimekosea tu mara nyingi, kwa pesa yangu mwenyewe, na kosa langu lilikuwa lile lile kila mara: nilipochagua mchezo nilimfikiria mshindi. Nilijiona mimi, nimeegemea kiti, natabasamu. Wale wengine watakuwa wanafanya nini wakati huo, sikuwahi kujiuliza. Siku hizi nikishika boksi lolote, swali la kwanza ni hilo. Anayeshindwa kwenye mchezo huu, anashindwaje?

Nililijifunza usiku mmoja tulipocheza Monopoly, ule mchezo wa kununua viwanja na kutozana kodi, watu watano. Wifi yangu alifilisika kabla hajakaa vizuri. Sisi tukaendelea saa mbili zaidi. Akaenda kuosha vyombo. Alipovimaliza, akaosha na vile vilivyokuwa safi. Akarudi sebuleni, akatukuta bado tunabishania kodi ya nyumba, akaaga. Nilipomwalika tena aliuliza kwanza, "Wifi, mtacheza ule wenu?"

Lawama ilikuwa yetu. Mwaka 1904 Mmarekani Lizzie Magie alipata hataza, yaani hati ya kulinda ubunifu, ya mchezo alioubuni, The Landlord's Game, na nia yake ilikuwa kuonyesha jinsi mwenye ardhi anavyonenepa kwa kodi huku mpangaji akididimia. Monopoly, iliyotolewa na Parker Brothers mwaka 1935, ina asili yake humo. Kwa hiyo kufilisika ndiyo habari yenyewe ya mchezo. Sisi tulichofanya ni kuurefusha uchungu. Sheria zilizochapishwa zinasema mchezaji akitua kwenye kiwanja kisicho na mwenyewe na asikinunue, kinapigwa mnada papo hapo. Sisi tulikuwa tunakiacha. Faini nazo tulizirundika katikati ya ubao, zizolewe na atakayetua kwenye maegesho ya bure. Hakuna sheria ya namna hiyo. Pesa zinajaa mezani, aliyekuwa akate roho anafufuka, na mchezo haufi. Sasa tunapiga mnada, rundo hatuweki, na tumeongeza sharti letu moja: wa kwanza kufilisika ndiye anayefunga mchezo, waliobaki wahesabu mali zao. Wifi amerudi.

Kuna namna tatu za kushindwa ambazo watu wazima wanazivumilia kwa shida na watoto hawazivumilii kabisa. Ya kwanza ni hiyo ya kutolewa na kukaa pembeni. Ya pili ni kubaki mezani huku kila mtu anajua umeshakwisha, unarusha dadu kwa heshima tu. Ya tatu ni kuandamwa, yaani kulengwa wewe na wenzako, watu wakikuelewa vibaya ama wakikuelewa vizuri mno. Tuna ule msemo, asiyekubali kushindwa si mshindani. Sawa, lakini msemo huo mara nyingi hutamkwa na aliyeshinda.

Dawa ya namna ya pili ni mchezo unaoficha hesabu mpaka mwisho. Ticket to Ride ya Alan R. Moon, ya mwaka 2004, inafanya hivyo vizuri. Unajenga reli kwa mabehewa 45, na unashika kadi za safari ambazo wenzako hawazioni. Safari uliyoikamilisha inakuongezea pointi, uliyoshindwa kuikamilisha inakukata, na zote zinafunuliwa mwishoni. Mwanangu wa miaka tisa amewahi kubaki nyuma jioni nzima kwenye ubao, kisha akafunua kadi tatu moja baada ya nyingine kwa madaha ambayo sijui kayatoa wapi. Hakushinda. Lakini mpaka dakika ya mwisho hakuna aliyemwambia kwamba ameshindwa, na kwa mtoto hilo ni kubwa.

Kuandamwa ni kugumu zaidi, hasa mezani wakiwepo mtu na mwenzi wake. Chukua Catan, mchezo wa Klaus Teuber wa mwaka 1995 wa kukusanya mali na kujenga makazi, ambao naupenda. Dadu mbili zikitoa saba, aliyerusha anamhamisha mwizi, anaziba eneo la mtu lisimpe mali na kumchomolea kadi. Saba ndiyo jumla inayotoka mara nyingi kuliko zote: njia 6 kati ya 36. Kwa hiyo mwizi atakuja, na mtu atachaguliwa. Ukimwekea mwizi mume wako mara tatu mfululizo kwa sababu ndiye anayeongoza, hesabu iko upande wako, lakini usitegemee mazungumzo marefu kabla ya kulala. Sisi Catan tunaicheza na marafiki. Tukiwa wawili hatuigusi, na hata hivyo boksi la msingi limetengenezwa kwa watu watatu au wanne.

Hapo kwenye idadi ya watu ndipo wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia. Boksi likisema wachezaji 2 hadi 5 maana yake ni kwamba sheria zinaruhusu wawili. Halijakuahidi kwamba wawili watafurahi. Dixit, ile ya kadi zenye michoro ya ajabu, inaanzia watu watatu, nayo inanoga mkifika watano. Msimuliaji anataja neno au sentensi kuhusu kadi yake, kadi hiyo inachanganywa na za wenzake, na wote wakiitambua hapati kitu, wasipoitambua hata mmoja hapati kitu pia. Lazima aeleweke nusu nusu. Mkiwa wachache, kukisia kunakuwa rahisi mno. Kabla ya kununua mchezo wowote mimi hupita kwenye tovuti ya BoardGameGeek, ambayo ipo tangu mwaka 2000. Wachezaji wenyewe hupiga kura kusema mchezo unapendeza zaidi kwa watu wangapi, na huupima uzito wake wa kueleweka kuanzia 1 hadi 5. Boksi langu la mazimwi lina uzito unaokaribia 4. Laiti ningejua.

Kwa wawili walio katika mapenzi, ushauri wangu ni kununua mchezo uliobuniwa kwa wawili tangu mwanzo. Patchwork ya Uwe Rosenberg, ya mwaka 2014, ni ya kushona blanketi la viraka: kila mtu ana ubao wake, kinachowagonganisha ni kugombea kiraka tu. Lost Cities ya Reiner Knizia, ya mwaka 1999, ni karata 60 na meza ndogo. Ukianzisha msafara, yaani safu ya karata za rangi fulani, unaingia kwenye deni la pointi 20, ndipo karata zako ziulipe deni hilo. Mchezo huu unamfunua mtu. Mimi naanzisha misafara miwili, nachungulia, nasubiri. Mume wangu anaanzisha yote mitano kabla hajapangusa miwani, halafu anashangaa kwa nini yuko chini ya sifuri. Tumecheza mara nyingi sana na bado hajabadilika. Nami sitaki abadilike.

Sasa, kuna jambo la watu wasiolingana uwezo. Bao halina dadu. Mashimo 32, kete 64, na kila kitu kinaonekana. Ndiyo maana ni mchezo mkubwa, na ndiyo maana ukikaa na mtu aliyeucheza tangu utotoni atakumaliza leo, kesho na keshokutwa. Drafti na sataranji ni vivyo hivyo. Mume wangu ni mtu wa drafti. Mwaka wa kwanza alinifunga kila jioni, mpaka nikagundua kwamba nimeanza kuchelewa kurudi sebuleni. Tulichokifanya ni kumpunguzia yeye kete mbili tangu mwanzo. Nilipomfunga kwa mara ya kwanza nikiwa na kete hizo mbili za ziada, tulikubaliana iwe moja.

Njia hiyo ndiyo ninayoipendelea kwa watoto pia, kuliko kujifanya umeshindwa. Mtoto anajua. Wangu alinikamata nikificha karata nzuri na akalia kwa hasira kuliko siku zote alizoshindwa. Mpe nafuu waziwazi, mbele ya wote, halafu cheza kweli. Au tafuta mchezo ambao utu uzima haukusaidii: Dobble ina kadi za duara 55, kila kadi ina picha 8, na kadi zozote mbili utakazoshika zina picha moja tu inayofanana. Anayeiona kwanza anaitaja. Mama mkwe wangu, ambaye hapendi kushindwa hata kwenye kusalimia, hupigwa na wajukuu wake kila mara na kudai ni mwanga hafifu.

Wengi watakuambia suluhisho la ugomvi wote ni michezo ya kushirikiana, ambapo wote mnashinda au wote mnashindwa. Niliamini hivyo. Nikaleta Pandemic ya Matt Leacock, iliyotoka mwaka 2008, ambamo mnakimbizana na magonjwa manne duniani. Ni mchezo mzuri. Tatizo likawa mimi. Kwa kuwa kadi zote tuliziweka wazi, niliona kila mtu afanye nini, nikawa nasema, "Wewe nenda pale, wewe mpe huyu ile." Mechi ya tatu binti yangu akaniachia kete yake akasema, "Mama, cheza na yangu basi, maana unacheza peke yako." Kumbe upo uonevu usio na mshindwa. Ukijijua una tabia hii, tafuta mchezo wa kushirikiana unaomfunga mdomo kapteni. Hanabi inakulazimisha ushike karata zako zikiwatazama wenzako. Zako huzioni, na vidokezo vya kupeana vina kikomo. Codenames Duet nayo mnapeana fumbo la neno moja na namba, na mwenzako anahangaika mwenyewe kukisia ni maneno gani kati ya yaliyo mezani unayoyakusudia. Kumtazama mume wangu akielekeza kidole neno baya huku nimekatazwa hata kuguna kumenifunza uvumilivu kuliko jambo lolote.

Michezo ya maneno ina kasoro yake kwetu tunaoongea Kiswahili. Mfuko wa Scrabble ya Kiingereza una vigae 100, na K ni moja tu. Moja! Huwezi kuandika hata "kaka" bila kutumia kigae kitupu, kile kinachosimama badala ya herufi yoyote, huku Q na X zikikukodolea macho. Sisi tumekubaliana kwamba Q na X zinasomeka K, kwa pointi tano kama K yenyewe, na mchezo umepona. Usiogope kurekebisha namna hii, ilimradi mkubaliane kabla ya kuchukua vigae, si katikati.

Ukiniuliza mchezo mmoja wa kuanzia kwa nyumba isiyo na mazoea, nitakutajia Jenga, na si kwa ajili ya jina peke yake, ingawa ndiyo, limetokana na kitenzi chetu. Aliyeubuni, Leslie Scott, alikulia Afrika Mashariki na aliuingiza sokoni mwaka 1983. Vipande 54 vya mbao vinapangwa kuwa mnara, kila mtu anachomoa kimoja na kukiweka juu, sheria za nusu dakika. Lakini tazama kushindwa kwake: anayeangusha mnara ndiye anayepewa kelele, vicheko na sauti kubwa ya usiku ule. Kisha mchezo umekwisha kwa wote sekunde ile ile, na aliyeuangusha ndiye wa kwanza kuokota vipande ili mnara upangwe upya.

Mambo madogo mawili. Dakika zilizoandikwa kwenye boksi, zizidishe mara mbili kwa mechi ya kwanza, na usianze mchezo wa saa moja watoto wakiwa wanapiga miayo. Na ukifundisha, anza na mwisho: mtu anashindaje, mchezo unaishaje, kisha zamu inakwendaje. Kusoma kitabu cha sheria kwa sauti tangu ukurasa wa kwanza ndiko kulikomlaza mume wangu.

Mwezi uliopita binti yangu, ambaye sasa ana miaka kumi na mitatu, alilishusha lile boksi la mazimwi. Alikaa nalo sakafuni, akasoma sheria mpaka nikaanza kupata matumaini. Kisha akainua kichwa. "Mama, hapa mtu akiuawa mapema anafanya nini?" Nikachukua kitabu, nikatafuta. Anasubiri. Tukatazamana. Tukachomoa dadu zake mbili, kwa kuwa za Ludo zilikuwa zimepotea, na boksi likarudi juu.