Daenerys aligeuka ghafla mno?

Ndugu, umeuliza kama waandishi wa tamthilia ya TV ya Game of Thrones walimharibu Daenerys, malkia mwenye majoka, kwa kumgeuza muuaji, au sisi ndio tulijifanya hatuoni. Dalili zilikuwepo: msimu wa 7 aliwachoma kwa joka bwana mmoja, Randyll Tarly, na mwanawe kwa kukataa kumpigia magoti. Shida ni haraka. Misimu 6 ya mwanzo ilikuwa na vipindi 10 kila mmoja. Wa 8, mwaka 2019, vilikuwa 6 tu. Kengele za kusalimu amri zinalia, tunauona uso wake kidogo, mara anauteketeza mji mzima kwa joka lake!

Aliyeniuma zaidi ni Jaime, yule knight (shujaa mwenye cheo). Anamgusa Brienne, mwanamke mpiganaji, mabegani kwa upanga, anampa cheo cha knight alichokiota maisha yake yote, kisha vipindi viwili baadaye anamwacha analia uani usiku, anamkimbilia Cersei, dada yake pacha na mpenzi wake. Na Bran, yule kijana wa ukoo wa Stark, kuwa mfalme mwishoni? Hilo tuliache kwanza.