Katlesi kupasukia kwenye mafuta: ni maji ya viazi

Dada uliyeuliza kama uongeze mayai ili katlesi zisipasuke, usiongeze. Katlesi zinapasuka kwa sababu viazi vimebaki na maji. Yakipata moto yanageuka mvuke na kutafuta pa kutokea. Chemsha viazi mviringo vizima na maganda yake, mwaga maji, rudisha sufuria jikoni dakika mbili tatu huku unaitikisa mpaka vikauke. Menya, ponda kwa mwiko vikiwa bado vya moto. Blenda hapana, vitavutika kama gundi.

Nyama ya kusaga nayo ikaushe kabisa kabla ya kuichanganya, ndimu ikaukie humo humo. Yai ni la kuchovyea nje tu. Kujua mafuta tayari, dondosha tone la yai: likichanua na kupanda juu papo hapo, tia katlesi nne nne, usijaze karai.

Nauza asubuhi hapa Uyole, na hili nimejifunza kwa hasara ya ndoo nzima: viazi vichanga, vile ambavyo ganda linabanduka kwa kidole gumba, vina maji mengi. Hivyo vipikie mchuzi. Kama huna vingine, ongeza chenga za mkate kidogo kidogo mpaka donge lisinate mkononi, ila ladha ya kiazi itapungua.

Ukishafinyanga, ziache zipoe nusu saa zishikane. Kwa baridi ya Juni huku Mbeya hata friji huihitaji, meza inatosha.